Kilo Nne za Unga Kivukoni

Tungependa kuwasimulia wasomaji wetu jambo lililotushughulisha kwa miezi miwili na ushei. Lau mwaka jana mtu angetuambia kwamba jambo hilo litakuja kutukosesha usingizi, tungemcheka. Jambo lenyewe ni inchi. Si inchi za kitambaa wala za mbao, bali ni inchi za kioo cha kipakatalishi, au laptopu kama vijana wetu wanavyoiita.

Kifungua mimba wetu, alhamdulillahi, alipata nafasi ya kusomea uhandisi katika chuo kikuu kilichoko Tudor. Sisi twakaa Likoni. Kwa wasioujua mwendo huo, kijana hutoka nyumbani baada ya Sala ya Alfajiri, huenda kwa miguu hadi kivukoni, husimama ndani ya feri akibanwa na watu kila upande, kisha hupanda kile kilima cha ng'ambo ya pili na kutafuta matatu ya kumfikisha mjini, na nyingine ya kumfikisha chuoni. Jioni hurudi kwa njia iyo hiyo. Kila anachokibeba asubuhi huwa amekibeba mara mbili kabla ya magharibi kuingia.

Tulikuwa tumeweka shilingi 150,000. Fedha hizo hazikutoka mahali pamoja. Kuna sehemu iliyotokana na mahamri ambayo mmoja wetu huyakanda usiku na kuyachoma kabla ya jua kuchomoza. Kuna sehemu iliyotokana na zamu yetu ya chama. Na kuna sehemu ambayo mwenzake aliidunduliza kutokana na vibarua vya bandarini, shilingi kwa shilingi. Kwa hivyo tulizijua fedha zile kama mtu anavyowajua watoto wake. Mjomba wa kijana, aliyeko Maskati, alikuwa akija likizo, naye akajitolea kukinunua kipakatalishi huko na kuja nacho mkononi. Hakutaka maelezo mengi. Alituuliza swali moja tu kwenye simu: "Nitajieni, mwataka cha inchi ngapi?"

Hatukuwa na jibu. Kijana alikuwa nalo. "Kumi na saba nukta tatu, Mjomba," akasema papo hapo, na tukatambua kwamba amelilala na kuliamkia kwa siku nyingi.

Hapa yatupasa kusema wazi jambo ambalo huenda likawakera baadhi ya wasomaji. Inchi zile hazikuwa za masomo. Zilikuwa za michezo: kandanda, mashindano ya magari, na mingine ambayo majina yake hatuwezi kuyatamka. Kijana hakutuficha. Na wazazi wengine watatuuliza, tena kwa haki, kwa nini hata tukakaa kitako kusikiliza habari za michezo ilhali fedha ni za elimu.

Jibu letu ni hili. Alipokuwa kidato cha pili, jioni moja ya mwezi wa Shaabani, tulimkosa. Isha ilikuwa imekwisha adhiniwa na yeye hajarudi. Tulimtafuta hadi tukamkuta ndani ya kibanda kimoja cha michezo mtaani, hatutakitaja, chenye runinga tatu, moshi wa sigara, na vijana wakubwa kumshinda waliokuwa wakiwekeana fedha juu ya kila mechi. Hakuwa akicheza kamari, hilo tulilithibitisha. Alikuwa ameketi tu pembeni akingoja zamu yake. Lakini ni nani anayeketi pembeni ya moto kila siku asipate kuungua? Usiku ule tulimwambia: mchezo wenyewe hatuna ugomvi nao, maadamu haukuli sala wala haukuli masomo, ila utachezwa nyumbani. Akatii. Kwa miaka mitatu alitii, akicheza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, bila ya kudai chochote. Sasa alipotaja inchi zake, tulihisi kwamba tuna deni.

Hoja zake hazikuwa za kitoto. Alitueleza kwamba kwenye kioo kikubwa mchezaji aliye upande wa pili wa uwanja huonekana ni nani, na ile ramani ndogo iliyoko pembeni husomeka bila ya kukodoa macho. Alisema pia kwamba kipakatalishi kikubwa kina nafasi ndani yake ya feni kubwa na njia pana za hewa, hivyo hupoa upesi. Na sisi tunaoishi Pwani, ambako hata ukuta hutoka jasho mwezi wa Februari, twajua thamani ya kitu kinachopoa. Hoja hiyo ya pili ilitugusa, nasi tuliporudi kuichunguza kwa watu wenye ujuzi tukakuta kuwa ni ya kweli.

Lakini kabla ya kufika huko, tulitaka kwanza tujue inchi hizo ni za nini. Tuliomba msaada kwa nyanya yao, ambaye ameshona nguo kwa cherehani tangu kabla hatujaoana. Alileta utepe wake wa kupimia. Tukamwambia kwamba kioo hakipimwi kwa upana wala kwa kimo, bali hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe ya chini upande huu hadi pembe ya juu upande wa pili. Akacheka. "Basi hiyo ni hila ya muuza kitambaa," alisema. "Mshazari hurefusha kila kitu."

Tulikata maboksi ya sabuni kwa vipimo hivyo, tukayapanga sakafuni, na hapo ndipo macho yetu yalipofumbuka. Kioo cha inchi 14 kikiwa cha umbo lile jipya ambalo ni kumi na sita kwa kumi, kina upana wa sentimita 30 hivi na kimo kisichofika 19. Cha inchi 15.6 cha umbo la zamani, kumi na sita kwa tisa, kina upana wa sentimita 34 na nusu na kimo cha 19 na kidogo. Cha inchi 16 cha umbo jipya kina upana ule ule wa 34 na nusu, ila kimo chake chafika 21 na nusu. Na kile cha 17.3 chakaribia sentimita 38 na robo kwa upana. Kumbe mtu aweza kuongeza nambari ya inchi bila ya kuongeza upana hata kidogo. Kinachozidi ni kimo peke yake. Kumbe pia kutoka 14 hadi 16, ambako masikioni ni inchi mbili tu, eneo la kioo huongezeka kwa takriban asilimia 30. Nyanya aliviweka vipande vile kimoja juu ya kingine, kama anavyoweka mikono ya kanzu kabla ya kukata, akasema cha 16 ndicho chenye "kipimo cha mtu mzima". Hatukumwelewa vizuri, na hadi leo hajatueleza.

Sisi wenyewe, wazazi, hatukuwa na kauli moja. Mmoja wetu alitaka kikubwa kabisa, na hoja yake haikuwa na uhusiano wowote na macho wala feni. Alisema kitu kikubwa hakifichiki. Kitakaa juu ya meza ya sebuleni, kila apitaye atakiona kinaonyesha nini, na hakitaingia chini ya blanketi saa sita za usiku. Kidogo, alisema, ni kama simu nyingine tu. Kitalala na kijana, kitakwenda naye tusikokujua. Mwenzake alipinga. Alisema tunamnunulia mwanafunzi chombo cha masomo, na chombo cha masomo kisichofika darasani ni pambo la nyumba. Tena akaongeza neno lililouma: kwamba ikiwa bado twataka kumchunga kijana wa miaka 19 kwa uzito wa kitu, basi tatizo letu si inchi.

Tulilala na neno hilo. Asubuhi hatukulizungumza.

Fikra ya unga ilitokea jikoni. Tulikuwa tumeelezwa kwamba kipakatalishi cha michezo cha inchi 17.3 aghalabu huwa na uzito wa karibu kilo tatu, na kwamba si hicho peke yake, kwa maana kadi ya michoro yenye nguvu hula umeme mwingi, na umeme mwingi hutaka chaja kubwa, na chaja hizo kubwa huweza kukaribia kilo nzima. Jumla ni kilo nne, ukitoa chache. Nyumbani kwetu kilo nne ni pakiti mbili za unga wa ngano. Tukamwambia kijana: "Babangu, hatukukatazi. Lakini kwanza beba hizi kwa juma moja, kwenda na kurudi, pamoja na vitabu vyako na chupa yako ya maji. Ukimaliza juma ukiwa bado wakitaka, mjomba wako atakileta."

Akakubali kwa tabasamu la mtu aliyekwisha shinda.

Jumatatu alirudi akisema ni kazi rahisi. Jumanne hakusema kitu. Jumatano tulimwona akilibeba begi kwa mbele, kifuani, kama wafanyavyo wengi kwenye feri kwa kuwaogopa wenye mikono miepesi, na mgongo wake umepinda kwa nyuma kama mja mzito. Alhamisi mvua ilinyesha. Kivukoni watu walikimbia wote kwa pamoja mlango wa feri ulipofunguliwa, begi likabanwa baina ya nguzo na mzee mmoja aliyebeba kikapu cha samaki, na pakiti moja ikapasuka. Unga uliochanganyika na maji ya mvua ni nini kama si donge? Alifika chuoni na suruali nyeupe hadi magotini, na daftari la hesabu limegandana. Jioni aliingia nyumbani, akaweka begi chini, akatazama ile pakiti moja iliyosalia, akasema: "Mama, Baba, hii kumi na saba tumpe mtu mwingine."

Tulicheka sote hadi machozi yakatutoka, naye akiwamo. Ila tuliona pia alama mbili nyekundu juu ya mabega yake, na mmoja wetu alitoka nje kidogo.

Zikabaki 16 na 14. Cha inchi 16 pamoja na chaja yake kilikuwa kinakadiriwa kuwa kilo tatu na kitu, yaani pakiti moja na nusu. Cha 14 ni kilo mbili na kidogo. Kwa mabega, hakuna hata la kujadili. Lakini hapa ndipo penye mtego, na twapenda kulieleza vizuri kwa sababu duka hutaja bei na inchi, na hili halitaji. Kadi ya michoro yaweza kuwa na jina lile lile katika vipakatalishi viwili, moja ndani ya kikubwa na nyingine ndani ya kidogo, na nguvu zao zisiwe sawa. Mtengenezaji wa kile kidogo huipunguzia kadi umeme ili isichome mwili mwembamba uliomo. Jina ni moja, kazi si moja. Tena kidogo, kikilazimishwa, hupiga kelele za feni kama mkia wa nyoka mkavu, na sehemu ya juu ya kibodi hupata moto wa kuusikia vidoleni. Na kwa kuwa kubana vitu vingi katika mwili mdogo ni kazi ya gharama, kwa fedha zile zile mtu hupata nguvu chache zaidi kwenye inchi 14 kuliko kwenye 16.

Upande wa pili wa mizani, kioo kidogo hakidai mengi. Mchezo huchorwa pikseli kwa pikseli, mara nyingi kwa kila sekunde. Kioo chenye pikseli 2560 kwa 1600 kina zaidi ya milioni nne za kuchorwa. Chenye 1920 kwa 1200 kina milioni mbili na ushei. Vioo vikubwa vya siku hizi hupenda kuja na ile hesabu ya kwanza, hivyo kadi hufanya kazi karibu maradufu kwa picha ile ile. Katika inchi 14, pikseli milioni mbili hukaa karibu karibu na picha hutoka safi. Hakuna haja ya zaidi. Na hizi nambari za hezi zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, 60, 120, 144, hazina maana yoyote ikiwa kadi yenyewe haiwezi kuchora picha kwa kasi hiyo. Kijana alituambia haya mwenyewe, kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu anayetoa ushahidi dhidi ya nafsi yake.

Tulikuwa karibu kukata shauri la 16 wakati binti yetu aliposema.

Yuko kidato cha tatu. Kwa muda wote ule wa maboksi na unga alikuwapo, akitukatia kadibodi, akimshikia nyanya yake utepe, akimfulia kaka yake ile suruali. Usiku wa Ijumaa, baada ya chakula, alisema kwa adabu yake yote: "Mimi naomba mumnunulie kile cha kumi na saba."

Tulimtazama. Kaka yake akamtazama zaidi. Tukamuuliza sababu.

"Kwa sababu kile hakibebeki," alisema. "Hakingetoka nyumbani. Nami ningekitumia mchana."

Wasomaji, twakiri kwamba chakula kilitukwama. Miezi miwili tumepima upana, kimo, uzito, moto, na hezi. Tumepima kila kitu isipokuwa watoto wetu. Binti huyu hutumiwa kazi za shule kwenye simu ya mama yake. Huzisoma usiku, simu ikisharudi kutoka kwenye oda za mahamri, akiikuza picha kwa vidole viwili kipande kwa kipande. Hakuwahi kulalamika, na kwa sababu hakulalamika tulidhani hana haja. Fedha za mahamri ni zake pia. Ni yeye anayeyafunga kwenye karatasi kabla ya kwenda shule.

Baba yake alimuuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema: "Hamkuniuliza inchi ngapi."

Kwa siku mbili nyumba ilikuwa kimya. Kisha kijana mwenyewe ndiye aliyekuja na hesabu, ameiandika nyuma ya karatasi ya mtihani. Alisema achukue cha inchi 14, chenye kadi ya michoro ya daraja la chini, ambacho mjomba alikuwa amekiona huko kwa thamani ya shilingi 112,000 hivi. Zinazobaki, 38,000, tutafute hapa mjini tarakilishi ya mezani iliyotumika, mojawapo ya zile zinazotoka maofisini Ulaya, pamoja na monita ya inchi 24. Tarakilishi itakuwa ya dada yake. Monita itakuwa ya wote: mchana itaunganishwa na ya dada, na usiku, kama zamu yake imefika, ataunganisha kipakatalishi chake kwa kebo na kucheza kwenye kioo kikubwa kuliko hata kile cha 17.3 alichokililia. Mchezo utachezwa sebuleni. Chuoni kitakwenda kile chepesi.

Tuliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Yule mmoja wetu aliyetaka kitu kikubwa kisichofichika alikuwa amekipata. Yule aliyetaka chombo kinachofika darasani naye alikuwa amekipata. Na hakuna kati yetu aliyekuwa amekifikiria.

Yapo machache ambayo twayataja kwa faida ya wenye nia kama yetu. Mjomba aliuliza kuhusu betri kwa ajili ya safari ya ndege, akaambiwa ya chini ya wati-saa 100 hairuhusiwi kuleta shida, ila aibebe mkononi asiiweke kwenye sanduku la mizigo. Na vipakatalishi vingi vya michezo huundwa kwa makusudi visivuke kiwango hicho. Pini za Oman ni zile zile tatu pana za hapa Kenya, kwa hivyo hatukuhitaji kiungo cha umeme. Kibodi ina herufi za Kiarabu pembeni ya zile za Kilatini, jambo ambalo kijana aliliona kuwa ni dosari, na nyanya yake aliliona kuwa ndilo jambo la pekee la maana katika mashine nzima. Umeme ukipotea, na kwetu haukawii kupotea, tarakilishi ya mezani huzimika papo hapo na kazi isiyohifadhiwa huenda nayo. Binti amejifunza kuhifadhi kila baada ya aya. Kipakatalishi huendelea, lakini mchezo ukiwa juu ya betri hupungua kasi, na betri yenyewe haifiki mbali.

Kwenye duka la vitu vilivyotumika tulikawia kutwa nzima. Monita ya kwanza tuliyouziwa ilikuwa na mstari wa kijani upande mmoja uliojitokeza baada ya dakika kumi. Tuliirudisha, na mwenye duka alibishana kidogo kisha akatubadilishia. Tangu hapo twamshauri kila mtu akiwasha monita ya mtumba aiache iwake muda wa chai mbili kabla ya kutoa fedha, na aitazame ikiwa nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu. Jumla tulilipa 31,500 kwa vyote viwili. Zilizobaki zilinunua kebo, kifaa cha kulinda mashine dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, na begi jipya, kwa sababu lile la zamani hadi leo lanukia hamira.

Hatutaki mtu adhani kila kitu kilinyooka. Juma la pili zamu zilivunjika. Kulikuwa na mechi iliyovuka saa ya dada yake, na maneno yakatoka. Kuna usiku ambapo Isha ilikaribia kupita na mtu bado "anamalizia dakika tano". Tulizima umeme wa sebule nzima, tukasali gizani, na tangu usiku ule dakika tano zimepungua. Tulikataa pia kuweka kadi yoyote ya fedha wala M-Pesa kwenye akaunti ya mchezo, kwa kuwa ile michezo ya kandanda huuza pakiti ambazo mnunuzi hajui ndani yake atamkuta mchezaji gani. Kijana alisema si kamari. Tukamwambia kwamba mwaka 2018 tume inayosimamia kamari nchini Ubelgiji, ambao hata si nchi ya Kiislamu, ilitamka kuwa baadhi ya maboksi ya aina hiyo ni kamari kwa sheria yao. Alikwenda kuhakikisha mwenyewe, akarudi, hakuendelea na mjadala.

Alama za mabega zimekwisha. Asubuhi hutoka na begi ambalo laonekana tupu. Binti amepata nafasi yake ya kuanzia saa kumi za jioni hadi magharibi, na ameweka kitambaa alichotariziwa na nyanya yake juu ya monita, kwa ajili ya vumbi kama anavyosema, ingawa twajua ni kwa ajili ya kuonyesha kwamba ni yake.

Jumamosi iliyopita, baada ya Isha, ilikuwa zamu ya kijana. Nyanya aliketi kwenye kochi na tasbihi yake, macho yakiwa kwenye kioo. Baada ya robo saa aliuliza ni timu gani zinazocheza. Kijana akamtajia. Akauliza matokeo, akaambiwa ni mbili kwa moja. Akatikisa kichwa, akasema yule beki wa kushoto amechoka na ingefaa atolewe. Kijana akabonyeza kitufe, akamtoa.

Nyanya alituangalia sisi, kisha akamwangalia mjukuu wake, kisha akaviangalia vile vidole vyake juu ya kibodi. "Kumbe wanakusikia," alisema.